Somo: Kupatanisha mitindo ya uchezaji kwenye meza ya Dungeons & Dragons

Wakuu, ugomvi mwingi mezani huanza pale mmoja amekuja kupigana, mwingine amekuja kuigiza, wa tatu anataka kufumbua mafumbo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mchezo huu wa mezani, ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika aliyemuunda na msimamizi anasimulia hadithi na kuamua kanuni, ulitoka mwaka 1974 na ulichipuka kwenye michezo ya vita vya sanamu ndogo za askari, kwa hiyo mvutano wa wapanga mbinu na waigizaji si wa leo.

1. Anzeni na wachezaji wanne na msimamizi mmoja. Wakifika sita, pambano moja linaweza kumeza saa nzima.

2. Kaeni kikao cha makubaliano KABLA ya kuunda wahusika. Mtu akishaandika kurasa tatu za historia ya mhusika wake, kumbadilisha ni vita. Kila mmoja agawe pointi 10 kwa mapambano, mazungumzo na uchunguzi. Mmoja akiweka 8 kwenye mapambano na mwenzake 8 kwenye mazungumzo, msitafute wastani, maana wote wawili watachoka. Msimamizi aandae walau tukio moja la kila mmoja katika kila kikao.

3. Mipaka. Kila mtu amwandikie msimamizi faraghani mambo asiyotaka yaguswe kabisa, na yale yanayoweza kutokea bila kusimuliwa kwa undani. Mezani wekeni kadi yenye alama ya X, mbinu aliyoibuni John Stavropoulos: akiigusa mtu, tukio linakatwa na mchezo unaendelea. Hakuna kudai sababu. Siku mtu atakapohojiwa, hakuna atakayeigusa tena.

4. Zamu. Amua kitendo chako mwenzako akiwa bado anacheza, kisha rusha kwa mkupuo dadu la pande 20, linaloamua kama shambulio limempata adui, pamoja na madadu ya madhara, yanayoonyesha limemuumiza kiasi gani. Shambulio likikosa, ya madhara hayahesabiwi. Usimpangie mwenzako cha kufanya hata kama anakosea.

5. Wizi ndani ya kundi. Hapa ndipo meza huvunjika. Mchezaji anasema, "Usiku naiba pete ya mchawi wetu," na tayari ameshika dadu. Msimamizi azuie mkono huo kwanza, amgeukie mwenye pete: "Unaridhia?" Akikataa, wizi haupo. "Mhusika wangu ndivyo alivyo" si hoja. Mhusika huyo umemuunda wewe.

MASWALI

Swali: Tuna mmoja anayejua kanuni zote, anamsahihisha msimamizi kila dakika.
Jibu: Mpeni kazi ya kutafuta ukurasa, ila akiombwa tu. Mzozo upewe dakika mbili, msimamizi aamue, kitabu kifunguliwe baada ya kikao.

Swali: Mkuu, mwenzetu ana haya, hawezi kuigiza sauti.
Jibu: Halazimiki. "Mhusika wangu anamwomba mlinzi atufungulie" inatosha. Msimamizi amuulize swali jembamba: "Mlinzi anakutazama wewe, unamtajia jina gani?" Ukimuuliza "unafanya nini?" utamgandisha.

Swali: Mtu asipotokea?
Jibu: Watatu kati ya wanne mnacheza. Mhusika wake abaki kambini, na asiuawe mwenyewe akiwa hayupo.

Swali: Tumejaribu yote, mmoja bado haridhiki.
Jibu: Msimamizi aongee naye wawili tu, ana kwa ana au kwa simu, amwambie mtindo wa meza ni huu na ana hiari ya kutafuta nyingine. Msimfanyie hivyo kwenye kundi la WhatsApp.