Pima Joto la Lundo, Usihesabu Wiki: Mboji Katika Miezi ya Baridi Nairobi

Kila ifikapo Agosti, wakulima wa Dagoretti na Kasarani hunionyesha sukuma wiki iliyogeuka manjano kuanzia majani ya chini na kuniuliza ni ugonjwa gani. Nikichimbua udongo kando ya shina, hukuta vipande vya mabua ya mahindi ambavyo bado vinatambulika. Huo si ugonjwa, bali ni mboji iliyotiwa shambani kabla ya kuiva, kwa kuwa mkulima alihesabu wiki 8 alizozoea wakati wa jua la Februari na akasahau kwamba lundo hili alilipanga Juni.

Bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki hufuata joto, wala hawajui kalenda. Kwa makadirio ya kawaida, kasi yao hupungua kwa karibu nusu joto linaposhuka kwa nyuzi 10. Hivyo basi, udongo ukipoa kwa nyuzi 5 tu, uozaji uliokuwa ukichukua wiki 6 hupita wiki 8. Katika muda huo wote wao hujitwalia nitrojeni iliyomo udongoni ili wapate kuyamaliza mabua, na mboga hubaki na njaa. Mkulima naye hukimbilia agroveti kununua CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni, akilipia kwa fedha kitu ambacho subira ingempa bure. Isitoshe, samadi mbichi huwavutia mbawakawa kutaga mayai, na funza wao weupe hula mizizi.

Kwa hiyo joto lipimwe ndani ya lundo. Chomeka nondo yenye urefu wa mita 1 hadi katikati, iache kwa dakika 10, kisha ichomoe na ushike ncha iliyokuwa ndani. Ikiwa huwezi kuendelea kuishika, uozaji unakwenda vyema. Mwenye kipimajoto cha shina refu atafute nyuzi 55 hadi 65 kwa siku 3 mfululizo au zaidi, kwa sababu joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Likipita 70, hata bakteria wenye manufaa hufa, basi pindua lundo papo hapo. Pindua pia joto likishuka hadi karibu 40, ukiyaingiza ndani mabaki ya kando, ambayo hayakupata joto. Nimekuta malundo yaliyopinduliwa juu juu tu, na hiyo ni kazi bure.

Lundo lenye upana na kimo chini ya mita 1 halitunzi joto, na katika baridi ya Juni na Julai ni heri kufikisha mita 1.5. Wale wanaoozesha maganda ndani ya gunia moja kwenye kona ya ploti wasitarajie joto hilo kamwe; wawape mabaki yao muda mrefu zaidi. Unyevu nao uwe wa kiasi: ukifinya konzi moja, yadondoke matone machache tu. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama Ruai, lundo liwe juu ya ardhi na si shimoni, kwa maana maji yakituama hufukuza hewa na joto hupotea.

Anayelenga mvua za vuli za Oktoba aanze lundo kufikia katikati ya Juni, ili apate takriban wiki 12 za kuoza na wiki 4 za kutulia. Anayeanza Agosti amekwisha kuchelewa. Mboji hiyo aihifadhi chini ya majani ya ndizi hadi mvua za Machi, wala asijidanganye kwamba udongo utaimalizia.

Mboji iliyoiva hunuka kama udongo wa msituni na haipati joto tena hata ikipinduliwa.

Na ikiwa tayari umeichanganya mbichi, usipande miche leo. Mwagilia shamba, lifunike kwa nyasi kavu, usubiri angalau wiki 6, kisha uchimbue uone kama mabua yamekwisha.