Jinsi ya kuandaa jioni ya masimulizi kwenye makumbusho ya kijijini

Jioni yetu ya kwanza ilikuwa ya aibu. Tulialika mhadhiri kutoka mjini, tukapanga viti vya plastiki mistari sita, tukafunga projekta. Picha ya nne umeme ukakatika. Mhadhiri akaendelea kusoma karatasi zake kwa tochi ya simu, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama wanaokwenda kujisaidia. Tangu siku hiyo projekta iko kabatini, na hapa Ugogoni kwetu, nchi ya Wagogo huko Dodoma, jioni hizi hujaa. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Anza na kitu kimoja

Ukiandika kwenye tangazo "Maisha ya mkulima wa zamani", hupati mtu wa kuacha uji wake jikoni. Andika "Jiwe la kusagia: njoo usage uwele". Watakuja, hata wale wanaokuja kucheka tu. Chagua kitu chenye kazi ya mikono na sauti yake: jiwe, mvukuto wa mfua chuma, mzinga wa nyuki, zeze. Jembe la mkono halifai sana, kila mtu analo nyumbani.

Kilichoingia kwenye daftari la mapokezi, yaani orodha ya vitu vya makumbusho, kibaki ndani. Ngoma ya miaka themanini haipigwi eti kwa sababu wageni wamefika. Tukitaka muheme, tunawaita kina mama wenye ngoma zao, maana ni ngoma ya wanawake na mikono yao inaijua. Jiwe ndilo pekee ninalolitoa. Limeshasaga zaidi ya tutakavyolisagisha sisi.

Hatua ya 2: Mfuate msimulizi kwake, mara mbili

Mara ya kwanza usitaje shughuli. Shikamoo, kaa, kunywa unachopewa, sikiliza. Mara ya pili ndipo unaeleza, na hapo taja posho na nauli kwa kiasi kamili, kisha umlipe usiku uleule, mkononi. Mzee aliyepewa "ahsante sana" na chupa ya maji harudi, na wenzake watasikia.

Halafu mlete makumbushoni mchana, siku chache kabla. Wengi huiruka hatua hii, nami niliiruka kwa muda mrefu. Bibi tuliyemwalika kwa ajili ya jiwe alifika mlangoni, akalitazama, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mjukuu wangu, hili nani kaligeuza?"

Jiwe la kusagia lina mteremko. Msagaji hupiga magoti upande ulioinuka, anasukuma lile jiwe dogo la juu kwa uzito wa mwili wote, na unga unashuka upande wa chini, mbali naye, unapokelewa na ungo. Sisi tulikuwa tumeweka ungo upande ulioinuka, kwa sababu ndivyo picha ilivyopendeza. Wanafunzi walikuwa wakipita na madaftari, wanachora.

"Hapo unga utaula kwa magoti," akasema, akaligeuza mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Lebo tuliibadilisha jioni hiyohiyo.

Hatua ya 3: Panga tarehe kwa kutazama mwezi

Chagua siku mbili au tatu kabla ya mwezi kuwa mpevu. Siku hizo jua likizama, mwezi tayari uko juu. Ukichelewa hadi baada ya mwezi mpevu, kila siku unachomoza karibu saa nzima nyuma ya jana yake, na wageni wako watakaa gizani wakiungoja. Kwetu Dodoma mvua huanza Desemba na kwisha Aprili, kwa hiyo shughuli za nje ni Mei hadi Oktoba. Juni na Julai upepo wa usiku una baridi kali; sema kwenye tangazo waje na mashuka. Epuka siku ya mnada. Andika muda kwa Kiswahili cha kueleweka, "saa 12 na nusu jioni", usiandike 18:30.

Kibali: pita kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata mapema. Ngoma ya usiku isiyo na taarifa humleta mgambo.

Hatua ya 4: Andaa ua

Tumia ua wa tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa. Ndani hawaenei, na wageni wakibanana wataegemea kuta za udongo. Mchana wa siku hiyo mimi huwasha moto ndani, kuni chache, kwa saa kadhaa. Nyumba hizi zilijengwa zikaliwe na moshi: moshi ndio uliofukuza wadudu kwenye miti ya paa. Tembe la makumbusho lisilopikiwa huliwa haraka kuliko la mtu.

Usiku moto uwe uani, mdogo, mbali na kihenge na chochote kilichoezekwa kwa nyasi, na ndoo mbili za maji pamoja na mchanga karibu. Mikeka ya watoto iwe mbele, viti vyenye egemeo viwe vya wazee. Taa za sola mbili zinatosha. Ziweke chini, pembeni, zimulike mikono ya msimulizi. Ukimmulika usoni atafumba macho na kusahau alichotaka kusema. Spika usikodi kama watu hawafiki hamsini; watu wakilazimika kunyamaza ndipo wanaposikia.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Kama lazima diwani aongee, aongee wakati watu bado wanatafuta pa kukaa. Baada ya hapo bibi anaanza kusaga bila utambulisho wowote. Acha dakika tano za sauti ya jiwe tu. Wimbo wa kusagia ukimjia, atauimba, usimwombe.

Mruhusu aseme Kigogo. Kijana mmoja akae kando yake, atafsiri kila baada ya sentensi mbili tatu. Nimewahi kumlazimisha mzee mmoja aongee Kiswahili, akawa kama anajibu maswali ya ofisini.

Dakika arobaini zinatosha. Kisha mwite mgeni mmoja mmoja apige magoti asage. Vijana wenye misuli huchoka upesi, bibi anacheka, na maswali huanzia hapo yenyewe. Chakula kije ndipo: ugali wa uwele na mlenda, wa kuonja tu. Funga na zeze. Huku kwetu mpigaji yeyote wa zeze atalinganishwa na marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003, kwa hiyo muonye kijana wako ajiandae.

Hatua ya 6: Rekodi kwa ruhusa

Omba ruhusa ya msimulizi mara mbili: nyumbani kwake, na tena kabla ya kuanza, mbele ya mtoto wake au mjukuu. Simu moja kwenye kisimamio karibu na jiwe inatosha. Yakiguswa mambo ya jando au tambiko, zima bila kungoja kuambiwa. Nakala moja ipeleke kwa familia kwenye memori kadi ndani ya wiki.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Osha jiwe kwa maji matupu, bila sabuni, likauke kivulini kabla ya kurudi ndani. Fagia ua wote, hasa chini ya mikeka, kabla ya kufungua geti. Unga huita panya, na panya huanza na unga akamalizia na ngozi za ngoma.