Bei ya lini, ya wapi, kwa kipimo gani?

Makadirio yangu ya kwanza ya gharama za kujenga nyumba nzima yaliharibiwa na mchanga. Nilichukua bei ya mchanga ya kazi ya mwaka uliotangulia, nikaizidisha kwa mita za ujazo nilizopata kwenye ramani, nikafunga faili. Kazi ilipoanza, muuzaji wa karibu alikuwa anauza kwa tripu, lori lake dogo kuliko lile la mwaka wa jana, na kwa ubovu wa barabara ya kuingia saiti akadai nyongeza. Mwenye nyumba akaniuliza, "Hii bei uliitoa wapi?" Nikabaki kukuna kichwa.

Tangu siku hiyo, kila bei ninayoandika lazima iwe na tarehe, kipimo, jina la aliyenipa, na mahali inapoishia: dukani, au mzigo ukiwa umeshushwa saiti. Ikikosa kimojawapo, siiingizi kwenye hesabu.

Lakini usianze na bei. Anza na idadi. Pima ramani mpaka ujue unahitaji mifuko mingapi, kilo ngapi za nondo, tofali ngapi. Ukishamaliza, tazama ni vitu gani vitakavyokula fedha nyingi. Mara nyingi ni saruji, nondo, kokoto, mchanga, tofali, mbao, mabati na ufundi. Ukiacha ufundi, hivyo ndivyo ninavyovitafutia bei mpya kwa wauzaji watatu kila kimoja. Misumari na waya wa kufungia nondo nauliza duka moja, naendelea na kazi nyingine.

Ukimpigia muuzaji, usimuulize tu "saruji bei gani?" Atakupa bei ya mteja wa mfuko mmoja. Mwambie unachotaka hasa: "Nahitaji mifuko 300, ishushwe saiti, kodi ikiwemo, na bei hiyo inasimama mpaka lini?" Wakikupa bei wote watatu na mmoja yuko chini sana, usikimbilie kupiga wastani. Mpigie tena. Mara nyingi utakuta kasahau usafiri, au kodi, au wapakuzi.

Kwenye nondo, badilisha kila bei iwe ya kilo. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 inatoa karibu kilo 0.89, kwa hiyo ya urefu wa mita 12 inafika kilo 10.7. Niliwahi kuletewa nondo "za 12" za bei poa. Nikaweka moja kwenye mizani, ikasoma kilo 9 na kidogo. Kwa kilo, ilikuwa ghali kuliko ya muuzaji wa jirani, tena haikufaa kwa nguzo zilizochorwa.

Mchanga ndio usiseme. Neno "tripu" halina ujazo, kwa hiyo mimi naenda na futi kamba mpaka kwenye lori. Lori moja nililolipima lilikuwa na urefu wa mita 3.2, upana 1.9, kimo 0.6. Hiyo ni mita za ujazo 3.65, ilhali dereva alikuwa anaiita "mita nne" bila hata kupepesa macho. Halafu kuna maji: mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, unaweza kuongezeka ujazo kwa robo au zaidi, na ukikauka unarudi chini. Ukinunua kwa ujazo asubuhi baada ya mvua, jua kwamba sehemu ya ulicholipia ni nafasi tupu.

Sasa jenga bei ya kazi moja moja. Kwa zege la 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo inataka karibu mifuko 6.3 ya kilo 50, mchanga mita 0.44 na kokoto 0.88. Ongeza upotevu, mimi huweka asilimia 5 kwa zege, kisha ufundi, kukodi mashine ya kuchanganyia, na maji. Kwenye jedwali la kompyuta, weka bei ya saruji katika kisanduku kimoja tu, na kila zege, plasta na ujenzi wa tofali visome hapo. Siku saruji ikipanda, unabadilisha namba moja.

Ufundi haupatikani kwa simu. Kasi ya fundi na kibarua wake naihesabu mwenyewe saitini: wamejenga mita ngapi za mraba leo, wamepoteza saa ngapi wakisubiri tofali. Daftari hilo nalithamini kuliko kitabu chochote cha bei, maana wastani wa nchi nzima haujui barabara ya saiti yako.

Ikiwa bei ya zamani ndiyo pekee uliyonayo, izidishe kwa fahirisi ya bei ya sasa, yaani namba inayoonyesha bei zimepanda au kushuka kiasi gani, kisha gawa kwa fahirisi ya wakati ule. Ikiwa ilikuwa 100 na sasa ni 118, bei inapanda kwa asilimia 18. Fanya hivyo kwa vitu vidogo tu. Vifaa havipandi pamoja. Mafuta yakipanda, kokoto na mchanga huumia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei yao ni kubebwa.

Juu ya kila makadirio naandika tarehe ya bei, na chini yake muda ambao bei hizo zinasimama: "Siku 30." Mteja mmoja alirudi baada ya miezi minne na karatasi ileile, imekunjwa mara nane, akitaka tuanze Jumatatu. Nilimkalisha, nikapiga simu kuuliza bei za vile vifaa saba vikubwa. Saruji ilikuwa imepanda, nondo imeshuka kidogo, na muuzaji wa kokoto alikuwa amehamia machimbo ya mbali. Nikachapa karatasi mpya, ile ya zamani nikaiandikia "IMEFUTWA" kwa kalamu nyekundu.