SOMO: Amplifaya ya zamani sauti inakuja na kukata, pitia hapa kabla hujanunua spea

Wakuu, naandika hili mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze huku. Kila wiki mtu ananiuliza "upande mmoja unakata, nibadili tranzista gani?" Ndugu yangu, sauti inayoondoka na kurudi yenyewe kwenye hizi Pioneer, Sansui, Kenwood na Technics za miaka ya 70 na 80 mara nyingi sana ni kitu kisichogusana vizuri, sio spea iliyokufa.

1. Hakikisha kitufe cha Tape Monitor (cha kusikiliza kinachotoka kwenye deki ya kanda) hakijabonyezwa.

2. Zima. Hamisha waya za spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Spika ileile ikiendelea kukata, mbovu ni spika au waya wake, amplifaya usiiguse. Tatizo likihamia spika ya pili, rudisha ulivyokuta halafu geuza pini nyekundu na nyeupe za kuingizia muziki. Likihama, ni simu, deki au waya wake. Lisipohama, limo ndani.

3. Kama nyuma kuna vile vyuma vya herufi U vinavyounganisha Pre Out na Main In, vitoe, visugue, virudishe.

4. Chomoa umeme, fungua mfuniko. Zile kapasita kubwa kama makopo zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa, zitoe chaji kwa rezista ya omu 220 ya wati 5, pima kwa mita mpaka ishuke chini ya volti 2. Bisibisi hapana, inaruka cheche na kuharibu vitu.

5. Pulizia dawa ya kusafishia kontakti (vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme) ndani ya volyumu, balansi na swichi ya kuchagulia, zungusha kila kimoja mara ishirini. Acha ikauke.

6. Rilei ya spika, yaani swichi ya umeme inayounganisha na kukata spika. Ndio ile inayopiga "tap" sekunde chache baada ya kuwasha, na hapa ndipo nilipoharibu Sansui ya marehemu baba kwa hiyo someni polepole. Dalili yake ni kwamba ukiweka sauti ndogo upande mmoja unapotea au unakoroma, ukipandisha ghafla unarudi na unakaa vizuri mpaka ukizima. Mimi niliifungua nikaona kontakti nyeusi nikachukua msasa nikasugua mpaka zikang'aa, ikapiga vizuri kama miezi miwili hivi halafu ikawa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu kontakti nyingi zimepakwa tabaka jembamba la fedha na mimi nilikuwa nimeliondoa lote. USITUMIE MSASA. Kata kipande cha karatasi ya kawaida, kiloweshe dawa ya kontakti au spiriti, kipitishe katikati ya kontakti, bana kidogo kwa kidole, vuta, rudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Hiyo nayo ni ya kukusogeza tu, dawa kamili ni rilei mpya. Soma volti za koili juu ya ile ya zamani (nyingi ni 24) na mpangilio wa miguu ufanane, usinunue kwa kuangalia umbo.

7. Bado? Washa, gonga ubao wa saketi taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, mkono mmoja mfukoni. Ukigonga sehemu sauti ikakata, lehemu ya hapo imepasuka, chomelea upya ukiwa umechomoa umeme.

MASWALI

— Mkuu yangu haitoi sauti nifanyeje?
Hatua ya 2 umefanya? Ilijibu nini?

— Nimepulizia WD-40 kwenye volyumu, sasa inakwaruza zaidi.
Dawa ya kontakti nimeiandika hatua ya 5. Isafishe upya kwa hiyo, ikigoma tafuta volyumu nyingine.

— Samahani kaka, kwa nini ukipandisha sauti inarudi? Hilo limenishangaza.
Swali zuri sana hili. Kwenye kontakti kunajijenga utando mwembamba sana wa kutu. Muziki ukiwa mdogo volti zinazopita pale ni chache, haziwezi kuutoboa. Ukipandisha, volti zinautoboa, njia inafunguka. Ndio maana sisi tuliopo Tanga, Mombasa na Dar tunaliona sana, hewa ya chumvi haina huruma na vyuma.

— Fundi wangu kairuka rilei kwa waya, inapiga safi, kuna ubaya?
Upo, mkubwa. Rilei ndiyo inayokata spika amplifaya ikianza kutoa umeme mnyoofu (DC). Chomoa spika leo hii, pima DC kwenye matundu ya spika: ikiwa chini ya milivolti 50 uko salama kwa sasa, ikifika volti nzima au zaidi usizirudishe. Na huyo fundi aweke rilei.

— Mimi ya kwangu imetoka Japani moja kwa moja, bado sijaiwasha.
Usiwashe! Angalia nyuma. Ikiandikwa 100V na ukaichomeka kwenye 230 yetu unaunguza transfoma. Tafuta stepu-dauni ya kushusha mpaka 100, iwe na wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye amplifaya. Ni modeli gani hiyo? Tuma picha ya nyuma.