Zali na gundu mezani: hatua kwa hatua kwa anayeanza poka

Naishi Kirumba, Mwanza, na kazi yangu ni dagaa: nanunua mwaloni, napakia, nasafirisha. Poka naicheza mwaka wa tisa sasa. Jumatano jioni huwa nakaa na wanaojifunza, tunachezea visoda badala ya pesa, na naona jambo lilelile likijirudia. Kanuni wanazishika ndani ya wiki mbili. Lakini mtu akishinda mfululizo anavimba, akiliwa mfululizo anavunjika, na hapo ndipo anapopotea. Mwongozo huu ni wa hilo tu. Poka ninayoisema ni ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani; zipi zinapiga zipi, nachukulia unajua.

Hatua ya 1: Rusha sarafu mara mia

Fanya hivi kabla ya kugusa karata. Chukua sarafu ya shilingi 200, yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Irushe mara 100, uandike K au S kwa mstari mmoja mrefu. Mwenzako naye aandike K na S mia moja za kubuni kichwani, bila kurusha chochote. Kisha linganisheni.

Ya kubuni itakuwa imechanganywa vizuri: K, S, S, K, S. Ya sarafu, karibu kila mara, ina mahali upande mmoja umetoka mara tano mfululizo au zaidi. Sarafu haina kinyongo na mtu, bahati ndivyo inavyotoka, kwa mafungu. Usiruke hatua hii hata kama unaiona ya kitoto. Niliowaona wakiifanya kwa mikono yao ndio wanaokumbuka siku wakiliwa mara tano.

Hatua ya 2: Jua "karata nzuri" ina maana gani

Binti mmoja anayefanya biashara Makoroboi alipata ree ya kopa na ree ya shupaza. Ree mbili ndio mwanzo bora kuliko yote, na kwa wastani zinakuja mara moja katika migao 221. Akapandisha, jamaa akapandisha zaidi, binti akasukuma visoda vyake vyote. Jamaa akafuata, akafunua K (mfalme) ya uru na K ya pau. Zikashuka karata za mezani: saba ya pau, mbili ya kopa, tisa ya uru. Ya nne, nne ya shupaza. Binti alishaanza kunyoosha mkono kuelekea visoda. Ya tano: K ya shupaza.

Alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, mimi nina gundu."

Nikamuuliza, "Dada, ungerudishiwa karata zile, ungefanya nini tofauti?"

Akafikiri. "Hakuna."

Basi hakukosea. Ree mbili dhidi ya K mbili zinashinda takriban mara 82 katika 100. Zile 18 zilizobaki lazima zimwangukie mtu, na siku ile zilimwangukia yeye. Hata kuliwa hivyo mara mbili mfululizo kunatokea kama mara tatu katika mia. Ukicheza miaka, zitakufikia, na ukizielewa mapema hutamtafuta mchawi.

Hatua ya 3: Weka kikomo ukiwa bado nyumbani

Ukihamia kwenye pesa, uwe umetimiza miaka 18 na ucheze sehemu yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tenga fungu la poka peke yake, lisiguse kodi, ada wala mtaji. Wachezaji wazoefu hushauri fungu lenye viingilio 20 hadi 30 vya meza unayokaa; kiingilio ni pesa unayoanza nayo unapokaa mezani. Kama una vitano tu, meza hiyo si yako bado, tafuta ndogo.

Jioni moja, viingilio viwili basi. Beba taslimu, na simu yenye pesa iache nyumbani. Ukiwa mezani na hasira, kutoa pesa kwenye simu ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 4: Unapoliwa mfululizo

Sikiliza mwili. Mimi shingo inakaza na naanza kuweka dau kabla mwenzangu hajamaliza kuongea. Wewe utakuwa na dalili zako, zitafute. Dalili ya karata ni moja kwa wote: unaingia na karata ambazo saa moja iliyopita ungezitupa bila kufikiri, kwa sababu unataka kurudisha. Ukiiona, inuka. Nenda nje, kunywa maji, acha migao kumi ipite. Ukirudi bado unamtazama yule aliyekula, siku imeisha. Nenda nyumbani.

Huku ziwani tuna somo tunalolipenda: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanafunga mitumbwi, wanashona nyavu, wanangoja giza lirudi. Nimesikia watu wakilitumia kwenye karata: vumilia, zamu yako inakuja. Uvumilivu nakubali, zamu sikubali. Mwezi una kalenda, karata hazina. Kila zinapochangwa upya zimesahau ulichopoteza, na kuliwa mara sita hakukusogezi karibu na kushinda. Kwa hiyo usiongeze dau eti sasa ni lazima. Wala usigeuke mwoga ukaanza kutupa karata nzuri. Cheza vilevile, kwa dau lilelile au dogo zaidi.

Hatua ya 5: Unaposhinda mfululizo

Naiogopa hatua hii kuliko ya nne. Aliyeliwa anaumia, na maumivu yanamsimamisha. Anayeshinda hana kinachomsimamisha.

Mwaka wangu wa pili nilishinda jioni sita zilizofuatana. Nikaamini nimeiva. Ya saba nikakaa meza kubwa ya kasino, na mfukoni nina pesa za dagaa, za kununulia mzigo wa kesho yake. Nilikuwa na kopa nne, nikisubiri ya tano, na karata moja tu imebaki. Jamaa akaweka dau sawa na pesa yote iliyokuwa tayari mezani. Hesabu yake ni rahisi: kufuata dau la namna hiyo kunalipa kama unashinda walau mara moja katika tatu. Kopa zilizokuwa hazijaonekana ni tisa katika karata 46, yaani mara moja katika tano. Niliijua hesabu hiyo. Nikafuata, kwa sababu jioni sita zilikuwa zimenifundisha kwamba zinakuja. Haikuja. Asubuhi mwaloni niliwaangalia wenzangu wakipakia, na mimi sina cha kununulia. Kumwambia mke wangu kulikuwa kugumu kuliko kupoteza zile pesa.

Kwa hiyo: ukishinda, toa nusu ya faida kwenye fungu siku hiyohiyo. Usipande meza kwa sababu ya wiki nzuri, panda fungu likifika viingilio 30 vya meza inayofuata. Na ukijikuta unafuata madau "kwa kuwa leo ni siku yangu", chukulia ni dalili ileile ya hatua ya nne imevaa nguo ya sherehe, uinuke.

Hatua ya 6: Daftari

Safu tatu tu: karata nilizokuwa nazo, nilichofanya, uamuzi ulikuwa sawa au si sawa. Fedha ziandike ukurasa wa nyuma. Andika asubuhi, baada ya kulala. Usiku uleule utajitetea. Binti wa Makoroboi aliandika: "Ree mbili. Nilisukuma zote. Sawa." Mimi ile ya kopa nne ningeandika "si sawa" hata kama kopa ya tano ingeshuka.

Usiharakishe kufungua ule ukurasa wa nyuma. Mezani ana kwa ana tunagawa kama mara 25 hadi 30 kwa saa. Kwa jioni moja ya saa nne kila wiki, migao 10,000 inachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na hata hapo fedha bado zinayumba. Mwezi wa kwanza hesabu "si sawa" zako tu. Kama zilikuwa kumi na mbili na mwezi wa pili ni nane, unajifunza, hata kama visoda vyote viko kwa jirani.