Majina kwenye makala yakubaliwe mapema
Ukitaka kuunganisha watafiti wa ikolojia walio mbalimbali, wape kazi ambayo kila mmoja ataimudu kwa bajeti yake. Nutrient Network, mtandao wa watafiti wa mbuga za nyasi ulioanzia Marekani, hufanya hivyo: vipande vya ardhi vya mita 5 kwa 5, mbolea na uzio tu. Watafiti wa Serengeti na wa jimbo la Minnesota, Marekani, wanapima kwa njia ileile, ndiyo maana takwimu zao zinalinganishika.

Ila kinachovunja ushirikiano mara nyingi ni majina kwenye makala. Andikeni kanuni kabla ya msimu wa kwanza: nani atahesabiwa mwandishi, kwa mchango gani. Na aliyekata, kukausha na kupima nyasi hizo apelekewe rasimu mapema, atoe maoni yake kabla haijatumwa kwenye jarida.