Kisukari na Dawa ya Kufunga Tumbo: Ya Kuweka Sawa Kabla Hujapanda Basi

Basi la Tanga kwenda Dar likishaipita Segera, abiria mwenye tumbo la kuendesha hana ujanja. Watu watachimba dawa pale dereva atakapoamua kusimama, si pale tumbo litakapotaka. Ndiyo maana bimkubwa wangu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, husafiri na vidonge vya kufunga choo kwenye pochi kama wengine wanavyobeba pipi. Hofu yangu siku zote ilikuwa vidonge hivyo visije vikagombana na dawa zake za sukari. Kumbe loperamidi, ile ya kufunga choo, haina ugomvi wa kutajwa na metformini wala glibenklamidi. Ugomvi uko kwingine.

Safari moja tumbo lilimwanza usiku. Akamtuma mjukuu duka la dawa, "niletee dawa ya kuharisha", akaletewa Septrin. Hakuna aliyeuliza anatumia nini kingine. Alfajiri akameza glibenklamidi yake kama kawaida, chai akaikataa kwa kuogopa choo cha njiani. Tulipokaribia Mkata jasho linamtoka, mikono inatetemeka, namuuliza hili ananijibu lile. Mimi nasema ni joto la basi. Mama mmoja wa siti ya nyuma akachungulia, akauliza, "Mwanangu, mama ana sukari?" Kabla sijajibu ameshafungua soda yake. Tulipopima, mashine ilisoma 2.8 (mmol/L), yaani sukari imeshuka mno.

Glibenklamidi, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Daonil, hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Ndugu zake gliklazidi na glimepiridi wana tabia hiyohiyo. Septrin huiongezea nguvu, na siprofloksasini nayo inaweza kuishusha sukari vibaya, hasa kwa mzee au mtu ambaye figo zake zimechoka. Hizi ni dawa za kuua bakteria, hazifungi choo, lakini huku kwetu ukisema "dawa ya tumbo" unaweza kupewa yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni karatasi: andika jina la kila kidonge unachotumia, na muuzaji aisome kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu.

La pili linataka ulimalize kliniki ukiwa mzima. Muulize daktari: nikiharisha sana au nikitapika, dawa ipi naisimamisha? Mwambie akuandikie kwenye daftari lako. Metformini ni ya kwanza kuulizia. Mwili ukikaukiwa maji figo hulegea, dawa inabaki kwenye damu, na tindikali inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Ndiyo maana kwa kawaida husimamishwa mpaka mgonjwa awe anakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Dapagliflozini na wenzake wanaotoa sukari kwa mkojo wana hatari yao ya tindikali, tena hata sukari ikiwa haijapanda sana. Ulizia pia vidonge vya presha, hasa vya kukojoza. Insulini ni kinyume chake. Usiiache kwa sababu tu hujala, maana ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Kipimo ndicho kinachoweza kubadilishwa, na hilo daktari ndiye wa kukuelekeza.

Halafu, kabla ya kulaumu chakula, jiulize tumbo limeanza lini. Metformini yenyewe huharisha watu wengi, hasa mwanzoni au kipimo kinapoongezwa. Hapo dawa ya kufunga choo inaficha tu; kumeza metformini pamoja na chakula, au kubadilishiwa ile inayoyeyuka taratibu, husaidia zaidi.

Loperamidi nayo ina masharti. Mtu mzima huanza na vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja kila baada ya choo cha maji, na bila cheti cha daktari visizidi vinne kwa siku. Ukiona damu kwenye choo, au una homa kali, au choo kimekuwa kama maji ya mchele, usiifunge; nenda hospitali. Kuzidisha ili uwahi safari ni hatari, huvuruga mapigo ya moyo. Wanaopenda vidonge vya mkaa wajue kwamba mkaa hunyonya na dawa nyingine zilizomo tumboni, za sukari zikiwemo, kwa hiyo zisimezwe pamoja.

Kilichonichosha zaidi ni ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa kurudisha maji mwilini. Bimkubwa hataki kuisikia: "Ina sukari hiyo, mwanangu, mnaniua." Lita nzima ina gramu 13.5 za glukosi, wakati chupa moja ndogo ya soda inapita gramu 30. Tena hiyo glukosi ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Pakiti moja, lita moja iliyopimwa ya maji safi, kidogokidogo, huku unapima sukari kila baada ya saa chache. Madafu tunayo tele Tanga, lakini chumvi yake ni ndogo, hayachukui nafasi ya ORS, na mwenye figo mbovu ayaogope kwa potasiamu.

Siku hizi pochi ya bimkubwa ina mashine ya kupimia na vipimo vyake, pakiti mbili za ORS, karatasi ya dawa na sukari vijiko vinne vya chai kwenye kikaratasi, kwa ajili ya kipimo kikishuka chini ya 4. Akilamba anapimwa tena baada ya dakika 15. Na tiketi tunakata siti ya mbele, jirani na mlango.